Andika Lebo Kwanza, Ndipo Uagize Embe

Hotuba kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki waliokutana Hamburg kuzungumzia uingizaji wa matunda makavu

Wenyeji wetu, wazee wangu, dada na kaka zangu: wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nimeombwa nizungumzie masharti ya usalama wa chakula na ya lebo kwa mtu anayeingiza matunda makavu Ulaya kutoka kwetu. Humu ukumbini wapo wanaoleta embe kavu la Pwani na Tabora, wapo wanaoleta nanasi la Luweero na Kayunga, na karibu kila mmoja ana shangazi anayemfungia ubuyu akienda likizo. Yapo mengi ya kusema, ila yote yanashikana na jambo moja: kabla hujatuma hela, kabla hata ya kukubaliana bei, kaa mezani uandike lebo nzima ya pakiti unayotaka kuiuza. Kama unauzia Ujerumani, iandike kwa Kijerumani. Kila mstari utakaoshindwa kuujaza ni swali ambalo mkaushaji wako hajakujibu, na kulijibu leo kwa simu ni rahisi mno kuliko kulijibu siku mzigo umezuiliwa bandarini.

Wengi hufanya kinyume. Embe linanunuliwa, linakaushwa, linasafirishwa, linapokelewa ghalani, na hapo ndipo anatafutwa kijana wa kuchora lebo. Kijana wa watu anauliza: kuna sukari iliyoongezwa? Kuna salfa? Limefungwa lini, bechi gani? Simu zinapigwa Mkuranga usiku, mama aliyekausha hakumbuki, kwa sababu tangu hapo mazao ya wiki tatu na ya mashamba manne yalimiminwa kwenye gunia moja. Sasa lebo inajazwa kwa kubahatisha. Na lebo ya kubahatisha, kwa sheria za huku, ni kosa hata kama embe lenyewe ni safi kama lulu.

Kuna kanuni mama ya chakula ya Umoja wa Ulaya, namba 178 ya mwaka 2002. Nawaomba muifahamu angalau kwa mambo yake mawili. La kwanza, chakula kisicho salama hakiruhusiwi kuingizwa sokoni, na anayekiingiza ndiye anayewajibika. Hukulima wewe, hukukausha wewe, lakini afisa wa ukaguzi wa chakula wa mji wako atakuja kwako, maana wewe ndiye uliyepo ndani ya mipaka anayoisimamia. La pili, lazima uweze kusema umenunua kwa nani na umemuuzia nani. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ulaya wameifanya kuwa sheria. Ukigundua tatizo baada ya kuuza, unatakiwa uirudishe bidhaa na uwaarifu wenye mamlaka, na huwezi kuirudisha kama hujui pakiti zimekwenda maduka gani. Taarifa ya namna hiyo ikiingia kwenye mtandao wa tahadhari za chakula ambao nchi za Ulaya wameuendesha tangu 1979, inasomwa na wakaguzi wa nchi zote, na jina la nchi yetu linaandikwa humo.

Basi tuichukue karatasi, tuandike lebo.

Mwanzoni ni jina la chakula. Siyo jina lako la biashara, siyo "Ladha ya Nyumbani". Ni jina linalomwambia mtu ananunua nini: embe kavu, vipande. Jina hilo na uzito halisi vinatakiwa vionekane kwa pamoja, upande mmoja wa pakiti. Herufi ndogo za maelezo ya lazima zisipungue milimita 1.2 ukipima kimo cha herufi kama x; pakiti ndogo sana, ambayo uso wake mkubwa haufiki sentimita 80 za mraba, inaruhusiwa 0.9. Tarakimu za uzito zina kipimo chao: pakiti inayozidi gramu 50 hadi 200, tarakimu ziwe na kimo cha milimita 3, zaidi ya 200 hadi kilo moja, milimita 4. Chukua rula. Nimeona lebo nzuri za kupendeza, zimechapwa maelfu kwa gharama kubwa, zikabandikwa juu yake stika nyingine kwa sababu ya nusu milimita.

Viambato vinafuata, na hapa tukae kidogo.

Pakiti ikiwa ni embe tupu, mambo ni mepesi. Ikiwa kuna sukari, iseme, na ujue kwamba umebadilisha hata jina lake forodhani. Embe na nanasi kavu vimo kwenye kifungu cha ushuru namba 0804, pamoja na tende. Tunda lililokolezwa sukari kama hifadhi linahamia 2006. Wakala wako wa forodha akijaza cha kwanza na mkaguzi akionja cha pili, mtakuwa na siku ndefu.

Kiambato kinachosumbua zaidi ni salfa. Tunajua kwa nini inatumika. Embe likikauka bila kitu linakuwa la kahawia, na mnunuzi wa dukani anapenda la manjano. Kwa hiyo vipande vinafukizwa moshi wa salfa, au vinachovywa kwenye maji yenye salfaiti, yaani chumvi itokanayo na salfa. Sheria ya Ulaya haikatazi. Inaweka ukomo: kwa aprikoti, zabibu na tini kavu, miligramu 2,000 kwa kilo, kwa ndizi kavu 1,000, kwa matunda mengi mengine, embe na nanasi yakiwamo, 500. Sasa tazama mtego ulipo. Mtu anasoma kwamba aprikoti inaruhusiwa 2,000, anamwambia mkaushaji atumie kipimo hichohicho kwenye embe, na embe linafika likiwa limevuka ukomo mara nne bila yeyote kukusudia ubaya.

Halafu kuna ukomo mdogo ambao ndio wa lebo: miligramu 10 kwa kilo. Ikizidi hapo, salfaiti lazima itajwe, na itajwe kwa maandishi yanayojitokeza, mathalani kwa wino mzito, kwa sababu imo kwenye orodha ya vitu 14 vya mzio, yaani aleji. Kuna watu wenye pumu ambao kipande kimoja cha tunda lenye salfa kinawabana kifua. Mtu huyo anasimama dukani, anageuza pakiti, anasoma lebo yako, anakuamini. Hana njia nyingine ya kujua. Mimi nikifikiria lebo, huyo ndiye ninayemwona mbele yangu, kuliko hata mkaguzi.

Kwa hiyo "hatutumii salfa" isikutoshe kama jibu la simu. Uliza vipande vinachovywa kwenye nini kabla ya kupangwa kwenye trei. Kama ni maji ya limao, vizuri. Kama ni "dawa ya unga ya kuzuia weusi", omba picha ya mfuko wake na usome jina. Na salfa inayopulizwa kwenye mikorosho huko Mtwara kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, siyo ya kufukizia chakula, hata kama ina jina lilelile. Anayetaka kuuza kama bidhaa ya kilimo hai asahau salfa kabisa. Kanuni za kilimo hai za Ulaya haziiruhusu kwenye matunda makavu. Embe la kahawia linalojulikana kuwa halina kitu lina wateja wake huku, na wanalipa vizuri. Msiuonee aibu weusi wake.

Katika orodha hiyo ya mzio kuna vingine vinavyotuhusu: karanga, ufuta, na jamii ya korosho. Vikundi vyetu vingi vya usindikaji havifanyi kitu kimoja. Msimu wa embe ni Novemba hadi Februari hivi. Miezi mingine chumba kilekile, meza ileile, mashine ileile ya kufungia mifuko inafunga karanga za kukaanga au siagi ya karanga. Uliza hilo. Kama jibu ni ndiyo, waombe watenge meza, au waoshe kwa utaratibu ulioandikwa ukutani, na kama bado kuna hatari, mwambie mlaji.

Sasa ubuyu. Najua mlikuwa mnaungojea.

Ubuyu una historia yake Ulaya. Kwa kuwa haukuwa ukiliwa huku kwa wingi kabla ya Mei 1997, ulihesabiwa kuwa chakula kipya, na chakula kipya hakiuzwi bila idhini. Idhini ilitoka Juni 2008. Marekani nao wakaukubali 2009. Ndiyo maana leo unaona unga wa mbuyu kwenye maduka ya vyakula vya afya, kilo moja kwa bei ambayo bibi zetu Dodoma wangedhani ni ya mbuzi. Lakini idhini ile ya 2008 inazungumzia nyama kavu ya tunda iliyotengwa na ganda na mbegu. Mabuyu tunayoyajua sisi wa pwani, yale mekundu ya kumung'unya, ni mbegu zenye nyama yake zilizopikwa kwa sukari, iliki na rangi. Hayo ni kitu kingine mbele ya sheria, na anayetaka kuyauza aanze kwa kuuliza mamlaka ya nchi yake kuhusu mbegu, kabla ya kuuliza bei ya kontena.

Na rangi yake. Mabuyu yanatia ulimi wekundu, yanatia vidole, yanatia shati la shule. Wekundu ule unatoka kwenye kikopo. Kikopo kina jina gani? Kama ni mojawapo ya zile rangi sita ambazo Ulaya imezitaja, tatrazini na kamoisini zikiwamo, basi tangu Julai 2010 pakiti lazima ibebe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto, tena pale tu ambapo rangi hiyo inaruhusiwa kwa chakula cha aina hiyo na kwa kipimo chake. Kama ni rangi ya viwandani ya aina ya Sudani, hiyo hairuhusiwi katika chakula chochote. Uingereza mwaka 2005 iliondoa mamia ya bidhaa madukani kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa Sudani I, ukapita kwenye sosi moja, sosi ikaingia kwenye vyakula vingine vingi. Unga kidogo wa pilipili! Basi kama mpishi wako wa mabuyu ananunua rangi ya kupima kwa kijiko sokoni, kwenye mfuko usio na jina, hilo ni jambo la kulimaliza kule kule. Tena lizungumzwe kwa ajili ya watoto wa kwetu pia, ambao ndio wanaoyala kila siku. Nasema hili kwa uchungu. Hakuna sababu ya mtoto wa Hamburg kulindwa na mtoto wa Mombasa asilindwe.

Tuendelee na lebo. Tarehe ya mwisho ya ubora, namna ya kuhifadhi, namba ya bechi, jedwali la virutubishi kwa gramu 100: hayo yanaeleweka, na maabara moja itakusaidia kuyajaza. Asili ya bidhaa iandikwe kweli. Ukiweka picha ya Mlima Kilimanjaro kwenye pakiti ya nanasi lililotoka Kayunga, umemdanganya mnunuzi bila kuandika neno. Kisha jina na anwani ya mwenye bidhaa ndani ya Umoja wa Ulaya, yaani wewe. Waliokuja kutoka Uingereza wakumbuke kwamba wao wameshatoka katika Umoja: tangu 1 Januari 2024 pakiti inayouzwa England, Scotland au Wales inahitaji anwani ya huko, na ya Hamburg haitoshi. Watu wenye wateja pande zote mbili hapa ndipo wanapochapa lebo mbili, au moja yenye anwani mbili.

Na sasa maneno ya sifa. Nina pakiti hapa, sitasema ya nani. Mbele imeandikwa embe kavu asilia. Nyuma imeandikwa inaondoa sumu mwilini, inatibu vidonda vya tumbo, inashusha presha, inaongeza nguvu. Nyumbani tumezoea kuona maneno haya, na aliyeyaandika huenda anayaamini kwa moyo wake wote. Huku ni marufuku kusema kuwa chakula kinazuia au kinatibu ugonjwa. Siyo kwamba unatakiwa kulithibitisha. Ni marufuku tu. Ukitaka kusema tunda lako ni chanzo cha vitamini C, sawa, ila lazima kuwe na angalau miligramu 12 katika gramu 100, zimepimwa katika bidhaa iliyokauka na kufungwa, kwa kuwa kukausha kunaila vitamini hiyo. Ukitaka kusema hujaongeza sukari, sema, kisha ongeza kwamba ina sukari yake ya asili. Msemo wetu unasema kizuri chajiuza. Huna haja ya kukipa udaktari.

Lebo imekamilika. Sasa nizungumzie yale ambayo hayaandikwi kwenye lebo ila yameibeba yote, na kubwa kuliko yote ni sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye chakula.

Wakenya mliomo humu mnakumbuka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Watanzania tunakumbuka 2016, Dodoma na Manyara. Na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, malori yakasimama Namanga. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sumukuvu ni kisingizio cha Wazungu kutufungia soko. Tumezika watu.

Kwa tunda kavu la kuliwa moja kwa moja, ukomo wa Ulaya ni mikrogramu 2 kwa kilo za sumukuvu aina ya B1, na 4 kwa aina zote kwa jumla. Tini kavu zimepewa 6 na 10, kwa sababu tini huambukizwa kirahisi tangu mtini. Kuna na sumu nyingine ya kuvu, okratoksini A, ambayo kwa matunda kavu mengi ukomo wake ni 2. Mikrogramu 4 kwa kilo ni gramu 4 katika tani 1,000. Kwa jicho huioni, kwa pua huinusi, kwa ulimi huionji, na ukipika haiondoki. Tena haikai sawasawa: vipande elfu vinaweza kuwa safi na kipande kimoja kikabeba sumu ya kuuchafua mzigo. Kwa hiyo kupeleka maabara kiganja kimoja ulichokichota juu ya gunia hakuthibitishi kitu. Sampuli ichukuliwe hapa na pale, juu, katikati, chini, gunia kwa gunia, ichanganywe, ndipo ipimwe na maabara yenye ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara, kwa kipimo hicho hasa. Na mzigo ukishindwa, hairuhusiwi kuuchanganya na mwingine safi ili wastani ushuke. Baadhi ya watu wanadhani huo ni ujanja wa biashara. Ni kosa lililoandikwa.

Dawa yake iko kwenye ukaushaji. Kuvu anahitaji maji, na siyo maji yote yaliyomo kwenye tunda, ila yale yaliyo huru, ambayo hayajashikwa na sukari. Kuna kifaa kinachoyapima kwa kipimo cha sifuri hadi moja. Chini ya 0.60 hakuna kuvu anayeota. Mwombe mkaushaji wako kipimo hicho kwa kila bechi, na kama hana kifaa, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kumnunulia, kabla ya banda jipya.

Mimi hupenda kukaa kwenye trei nikiangalia vipande. Kinachokatwa kwa kisu cha mkono kina unene wa kila namna. Chembamba kinakauka asubuhi, kinene kinabaki laini katikati hadi kesho yake, na nje vinafanana. Ukivifunga pamoja siku hiyohiyo, kinene kinatoa unyevu ndani ya mfuko na kuvu anapata pa kuanzia. Wakaushaji wazuri wanaviweka kwanza kwenye ndoo zenye mifuniko siku kadhaa, wanavitikisa, unyevu unasawazika, ndipo wanapima na kufunga. Wakaushaji wenye haraka hawafanyi hivyo. Na haraka mara nyingi inatoka kwetu sisi, tunaopiga simu kuuliza mbona mzigo haujatoka.

Kuna na kishawishi cha uzito. Kilo kumi za embe bichi, ukitoa ganda na kokwa, unabaki na kama sita za nyama, na zikikauka unapata kilo moja hivi. Anayeuza kwa kilo anatamani kuliacha laini kidogo, maana unyevu unapimwa kwenye mzani. Ukimbana bei mpaka ahesabu kila gramu, umemsukuma mwenyewe kwenye hatari utakayoilipia. Lipeni bei ambayo mtu anaweza kukausha nayo hadi mwisho.

Kisha safari. Tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimeiacha Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kwa hiyo mzigo unakaa baharini siku nyingi zaidi. Kontena linalotoka kwenye joto la Dar na kuingia kwenye baridi ya Bahari ya Kaskazini linatoa jasho juu ya dari yake, nalo linadondokea katoni. Vifungashio vya ndani visivyopitisha unyevu na mifuko ya kunyonya maji ndani ya kontena ni vitu vya bei ndogo.

Viuatilifu nitavipitia upesi, ingawa vinaangusha mizigo mingi. Kiuatilifu ambacho Ulaya haijakiwekea ukomo maalumu kinapewa 0.01 ya miligramu kwa kilo. Klopirifosi, dawa ya wadudu ambayo imekuwa ikiuzwa kwenye maduka mengi ya pembejeo kwetu, ilipoteza kibali chake Ulaya 2020. Kukausha kunakusanya mabaki ya dawa kama kunavyokusanya sukari, na sheria inakubali hesabu ya kurudisha kwenye tunda bichi, lakini ni wewe utakayetakiwa kuionyesha hesabu hiyo. Na wadudu wa ghalani wakiingia, usikubali mzigo ufukizwe kwa gesi ya ethilini oksidi. Tangu 2020, ufuta wa India ulipokutwa nayo Ubelgiji, bidhaa zilirudishwa kutoka madukani Ulaya nzima, biskuti na mikate iliyokuwa na punje chache tu za ufuta ule.

Ushuru hautuumizi. Tanzania na Uganda, kama nchi zenye maendeleo duni, zinaingiza bidhaa hizi bila ushuru na bila kikomo cha kiasi. Kenya ina mkataba wake wa ubia na Umoja wa Ulaya, ulioanza kazi 1 Julai 2024. Kinachotakiwa ni tamko la asili ya bidhaa. Kwa Tanzania na Uganda, mzigo wa hadi euro 6,000 tamko anaweza kuliandika msafirishaji yeyote. Ukizidi hapo, lazima awe amesajiliwa katika mfumo wa wasafirishaji waliosajiliwa. Mwulize mapema kama ana namba hiyo.

Alama ya TBS au ya KEBS, mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, ni jambo la kujivunia, inaonyesha mtu ameanza safari. Haichukui nafasi ya vipimo vya huku. Mistari ya msimbo inayoanza na 620 ya Tanzania au 616 ya Kenya haisemi lolote kuhusu usalama. Ni namba ya utambulisho tu.

Kuna dada mmoja aliniuliza pale mlangoni kuhusu begi la likizo. Abiria anayeleta tunda kavu la kula na wanawe ana mambo yake, na hata kwa matunda mabichi kuna matano yasiyodaiwa cheti cha usafi wa mimea: nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Lakini ukilitoa lile begi ukaliweka kwenye rafu ya duka, hata pakiti tano, umeshakuwa mwingizaji wa chakula na haya yote niliyoyasema yanakuhusu.

La mwisho ni kuhusu wenzetu wa upande wa pili, kwa sababu naona tunawaachia mzigo usio wao. Kikundi cha akina mama Kiwangwa kinachokausha nanasi hakiwezi kulipia maabara ya Ulaya kwa kila bechi, na mwagizaji anayesema "ukifeli ni hasara yako" anawafundisha kuficha. Kwenye mkataba andikeni nani analipia kipimo cha kwanza kabla ya kusafirisha. Mimi naona awe mnunuzi, kwa kuwa sheria imemtaja yeye. Kila bechi itoe sampuli tatu zilizofungwa na kusainiwa, moja ibaki kwa mkaushaji, moja ije kwako, moja iende maabara, ili ukitokea ubishi kuwe na cha kufungua. Majibu ya maabara yakirudi, mabaya kwa mazuri, mpelekeeni mkaushaji kwa Kiswahili, siyo kumtumia karatasi ya Kijerumani asiyoweza kuisoma. Na bechi ikishindwa, kaeni naye mtafute ilishindwa wapi, kwenye unene wa kipande, kwenye trei, kwenye ghala, kabla hujatafuta mwingine wa bei ya chini.

Nimeomba meza ile ya pembeni iachwe wazi, na kuna rula tatu na taa. Mlio na pakiti zenu, zileteni hata kama ni za majaribio. Tutazisoma moja moja, mstari kwa mstari, na wenye maswali ya ubuyu waanze.